Ukoko wa Birika Unavyomlisha Odero wa Rhonda

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, na Odero ameshajisifu mara mbili.

Amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya hoteli ya Wamuyu, mtaani Rhonda, Nakuru. Mkono wake umezama hadi kiwiko ndani ya boila ya chai, ile ya umeme ya lita ishirini, yenye koki mbele na mbonyeo ubavuni. Anapoutoa, ameshika kipande cheupe kinachofanana na kigae cha chungu.

"Ona huyu," asema, akikigonga kwa ukucha. "Amekaa humu miaka minane na hajawahi kulipa rent."

Wamuyu, mwenye hoteli, anakata vitunguu bila kuinua macho. Saa moja wateja wa chai na mandazi wataanza kuingia, na boila yake iko sakafuni, tumbo wazi.

"Baba Joyline, mimi nataka chai. Sitaki historia."

"Chai utapata. Na ukiniona nimeigusa hii kitu tena kabla ya Krismasi, nikate huu mkono." Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya, aone kama kalamu inatembea. "Andika hivyo. Kazi ya Odero hairudi."

Mara tatu. Na mkono huo, msomaji, ulifaa kukatwa kabla ya saa mbili.

Odero, mwenye umri wa miaka 53, ni fundi wa kazi ambayo wengi hawajui kwamba ni kazi. Anatoa ukoko. Si ule wa wali ambao watoto hupigania. Huu ni mweupe, mgumu kuliko ganda la yai, unaojijenga ndani ya mabirika, kwenye koili za shawa za umeme na midomoni mwa mabomba. Kibanda chake cha mabati kimebanwa kati ya hoteli ya Wamuyu na kinyozi cha Levis. Juu ya mlango kuna ubao mweusi wenye maandishi ya manjano: ODERO. SHAWA, BIRIKA, PASI. KAZI HAIRUDI.

Wakazi wa hapa huyaita maji yao "maji ya chumvi", ingawa ukiyapikia mboga chumvi bado utanunua. Mwalimu wa sayansi angeyaita maji magumu. Yakiwa chini ya ardhi hupita kwenye miamba, huyeyusha madini na kuyabeba kimya kimya hadi kisimani. Yakiwa baridi, huoni kitu. Yakichemka, madini hujitenga na kushika pale penye moto. Mwaka wa kwanza ni utando. Mwaka wa tatu ni ganda. Mwaka wa nane ni mpangaji sugu kama huyu wa Wamuyu.

Wamuyu mwenyewe hahitaji mwalimu.

"Sabuni haitoi povu, inakuwa kama unaoshea sahani na jiwe," asema. "Leso nyeupe ikioshwa mara tano inakuwa rangi ya jivu. Na githeri? Naweka saa kumi na moja, ikifika saa tano maharagwe bado yananiangalia tu."

Boila ndiyo iliyomchosha zaidi. Ilipokuwa mpya ilichemsha maji kwa dakika ishirini. Wiki iliyopita aliihesabia dakika arobaini na tano. Umeme wa shilingi mia mbili uliomtosha siku tatu sasa haufikishi siku mbili, kwa sababu koili lazima kwanza ipashe jiwe joto ndipo jiwe liyapashe maji.

Odero huletewa hata kazi zisizo zake. Anasimulia kuhusu mama aliyefika kibandani na mtoto wa miaka tisa, akitaka meno ya kijana yasafishwe kwa dawa ya birika.

"Nikamwambia, mathe, angalia yangu." Anafungua mdomo. Meno yake yana rangi ya chai isiyo na maziwa. "Hii ni madini ingine, floraidi. Nimekulia maji ya hapa, hii ni kama kitambulisho. Ningekuwa najua kuitoa, si ningeanza na mimi?"

Ufundi huu hakuupata chuoni. Baba yake, marehemu mzee Hezekiah, alitoka Nyanza akiwa kijana na kuajiriwa na reli hapa Nakuru. Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo ya injini za mvuke, kabla ya dizeli kuja kuzistaafisha. Maji ya bondeni yaliziwekea ukoko wa unene wa kidole, na ukoko ukizidi, injini inakula kuni na mafuta lakini haivuti. Mzee alipostaafu, naye aliendelea kuwaoshea majirani mabirika, na mwanawe akaketi kando kujifunza.

Alichomwachia ni kikwaruzo cha shaba chenye urefu wa penseli, na kanuni mbili.

Ya kwanza: usitumie nyundo. Ukoko huyeyushwa, haupigwi. Odero hutumia siki kwa kazi ndogo, na kwa kazi kubwa hutumia asidi ya ndimu, ule unga mweupe unaouzwa kwa watengeneza juisi. Ukiumwagia maji ya moto ndani ya birika chafu, hufoka na kutoa povu kama soda iliyotikiswa.

Ya pili anaitamka kwa sauti ya baba yake, akikunja uso. "Chuma kizee na ukoko wameoana. Usiwaachanishe siku moja. Toa nusu, jaza maji, ngoja, angalia kama kuna jasho. Ndio umalize."

Kwa nini basi asubuhi hii amepanga kuwaachanisha siku moja? Jibu ni Njoro.

Kule Njoro kuna hosteli ya wanafunzi yenye vyumba arobaini na vinane, na kila chumba kina shawa ya umeme. Msimamizi wake, Kiprotich, amechoka kusikia malalamiko. Kuna shawa zisizopasha maji, kuna zilizoungua, na nyingine, kwa maneno ya Odero, "zinakojoa pembeni". Kiprotich anatafuta fundi mmoja wa kuzitunza zote mwaka mzima. Amesema atapita saa nne leo kuona kazi ya Odero kwa macho yake. Kazi yenyewe ni boila ya Wamuyu, na Wamuyu ndiye shahidi.

Odero anaihitaji Njoro kuliko anavyoonyesha. Birika jipya la umeme siku hizi hupatikana kwa shilingi mia tisa, na yeye kulisafisha anaitisha mia tatu. Wateja wengi hupiga hesabu na kulitupa la zamani. Siku nzuri anaingiza shilingi elfu moja na mia mbili. Siku mbaya, ambazo mwaka huu zimezaana, anakula pesa ya omena.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, ni ya mkewe, Milcah. Anauza kando ya barabara, kwenye jua na vumbi, na kwa miezi mingi ndiye anayelipa kodi ya kibanda cha mumewe, shilingi elfu mbili na mia tano. Mwanzoni mwa mwezi wawili hao walikubaliana: Njoro isipopatikana kufikia tarehe thelathini, Odero atafunga kazi na Milcah atahamishia omena humo, apate kivuli.

"Tarehe thelathini ni kesho kutwa," asema Odero. "Na jana nimempata ndani, anapima ukuta na kamba."

Basi saa kumi na mbili na nusu anamwaga unga wote. Boila inafoka, povu linapanda hadi ukingoni, harufu kali ya ndimu inamfanya Wamuyu apige chafya juu ya vitunguu. Nusu ya kwanza ya ukoko inatoka vizuri. Hapa ndipo mzee Hezekiah angesimama, ajaze maji, angoje.

"Ile ilikuwa injini ya treni," Odero ajitetea kabla hajaulizwa. "Hii ni ya chai."

Kikwaruzo cha shaba kinaingia kazini. Kufikia saa moja kasoro dakika tano, ndani ya boila kunang'aa unaweza kujinyolea ndevu. Ukoko uliotoka anaupima kwenye mizani ya Wamuyu: kilo moja na robo. Boila inapandishwa mezani, inajazwa, inawashwa. Dakika kumi na tisa tu, maji yanachemka.

Wamuyu anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Chai ya kwanza inamiminwa, ya pili, ya tano. Odero anazunguka kati ya meza akipokea pongezi ambazo hakuna aliyempa.

Saa moja na dakika ishirini, tone moja linaanguka kutoka chini ya boila. Odero analifuta kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta jina lake kwenye orodha ya wachelewaji. La pili linafuata. La tatu halikungoja. Kisha, pap! Stima ikapotea plot nzima, hoteli, kibanda na kinyozi.

Kwenye kinyozi, ng'ambo ya kibanda cha Odero, mashine ya kunyoa ilikata kauli. Sauti ya mteja ikasikika.

"Levis, mbona umenyamaza?"

"Si mimi, mzee. Ni stima."

"Na kichwa changu?"

"Kichwa iko. Ni nusu tu."

Mteja huyo alikuwa Naftaly, askari wa usiku katika ghala moja mjini, ambaye hunyolewa kila mwisho wa mwezi akitoka zamu. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, laini kama yai. Wa kushoto ulikuwa bado shamba.

Kilichotokea, Odero alikielewa akiwa amelala kifudifudi chini ya meza, tochi ya simu mdomoni. Pale koili inapoingilia boila kuna mpira wa kuzuia maji. Mpira huo ulikuwa umeoza miaka mingi iliyopita. Ukoko ulipojaa, ulijipenyeza pale mpira ulipokuwa na kuliziba tundu, ukafanya kazi ya askari bila mshahara. Odero alimfukuza. Maji yakapata njia, yakafikia nyaya, swichi kuu ikajizima.

Na swichi kuu imo ndani ya sanduku la mita lenye kufuli. Ufunguo anao mwenye plot, na mwenye plot alikuwa ameondoka alfajiri kwenda sokoni.

"Nusu, Baba Joyline," alisema Wamuyu, akibandika sufuria kwenye jiko la makaa. "Mzee wako alisema nusu. Umetuambia hapa mara mia."

Odero aliguna tu. Tochi ilikuwa mdomoni.

Wateja kumi na mmoja walikuwa wakingoja chai. Wawili waliondoka. Waliobaki walijifunza kumruka Odero, mmoja akiwa na sahani ya mandazi kila mkono. Naftaly alivaa kofia yake ya kazi, akaivuta hadi masikioni, akaenda kulala.

Kwa muda wa nusu saa fundi hakujisifu hata mara moja. Aliifungua boila, akaikausha, akaenda kwenye rundo la shawa zilizokufa analoliweka nyuma ya kibanda. Alijaribu mipira sita. Wa saba uliingia kana kwamba ulizaliwa humo. Kisha akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Alitandaza gazeti la jana mezani, akaiweka boila juu yake, akaijaza maji baridi, akaketi kuitazama. Tone likianguka, gazeti litasema.

Aliketi saa nzima. Wateja walimwita, hakugeuka. Gazeti lilibaki kavu.

Saa tatu na nusu mwenye plot alirudi na ufunguo. Stima ikarudi. Boila ikachemka kwa dakika kumi na tisa zilezile, na safari hii hakuna kilichodondoka isipokuwa jasho la Odero.

Saa nne kamili pikipiki ya boda boda ilisimama mlangoni, akashuka mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu, anayezungumza polepole kama anayelipia kila neno. Huyo ndiye Kiprotich.

Alionyeshwa boila ndani na nje. Aliunyanyua mfuko wa ukoko, akatikisa kichwa. Akaonja chai. Odero, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi pamoja na stima, alimsimulia asubuhi nzima kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja kasoro, kisha akaruka, akatua saa nne.

"Dakika kumi na tisa, boss. Ilikuwa arobaini na tano."

"Nimeona ubao wako," alisema Kiprotich. "Kazi hairudi. Ni kweli haijawahi kurudi?"

Wamuyu aliacha kupanguza meza.

"Boss," alisema Odero, mkono kifuani, "hiyo neno kwangu haiko."

Pale pale mlango ukatiwa kivuli. Naftaly, macho mekundu ya usingizi, alisimama kizingitini. Aliwasalimu wote kwa heshima, na kama mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya akiingia ndani, akavua kofia.

Kichwa cha Naftaly kilikuwa na upande wa yai na upande wa shamba.

"Fundi," aliuliza kwa upole, "ile boila yako umeshaitengeneza? Nataka Levis animalizie hii ingine kabla stima ipotee tena."

Kiprotich alikitazama kichwa, akaitazama boila, akamtazama Odero. Halafu akamgeukia Wamuyu.

"Ilirudi saa ngapi?"

"Saa moja na dakika ishirini," alisema Wamuyu. Alikuwa shahidi, na shahidi hasemi uongo.

"Na yeye akaja saa ngapi?"

"Kuja kutoka wapi? Alikuwa hapo chini ya meza. Tulikuwa tunamruka tukipeleka mandazi. Hajanywa hata chai."

Kiprotich alirudisha kikombe mezani. "Mimi mafundi wanne wameniambia haijawahi kurudi," alisema. "Wa mwisho nikimpigia anasema nimekosea namba. Na sauti ni yake."

Naftaly alicheka kwanza. Kisha Wamuyu. Odero alicheka wa mwisho, na kwa hadhari, kwa sababu bado hakujua kicheko kinaelekea wapi.

Jibu alilopewa halikuwa ndiyo, wala halikuwa hapana. Kiprotich atampa shawa sita za jengo la kwanza. Zitaangaliwa kwa mwezi mmoja. Zikinyamaza, watazungumza kuhusu zile arobaini na mbili zilizobaki. Zikirudi, naye Odero asipopatikana kwa simu, asijisumbue kupita barabara ya Njoro.

"Na kabla ya kutoa hiyo takataka," aliongeza Kiprotich, ambaye sasa alikuwa ameambiwa habari ya mpira uliooza, akiipanda pikipiki, "fungua mipira kwanza."

"Mipira kwanza," aliitikia Odero. Mzee Hezekiah angesema vivyo hivyo, tena bila kupanda boda boda.

Sasa ni saa tano, na mipango imeshaota mbawa. Odero anasema kila shawa ataiandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito, airudie kila baada ya miezi mitatu kabla ukoko haujapata meno. Atanunua mipira mipya kwa jumla, aache kuwafukua wafu nyuma ya kibanda. Zikipatikana zote arobaini na nane, anataka kumjengea Milcah meza ya omena yenye paa la mabati, karibu na hapa, kila mtu awe na kivuli chake.

Wamuyu naye amekuwa na shughuli yake. Ameokota kipande cha ukoko kutoka kwenye mfuko, akapanda juu ya kiti mbele ya kibanda cha jirani yake. Ukoko, kumbe, huandika kama chaki. Chini ya maandishi ya manjano sasa pana neno moja jeupe, hivyo ubao unasomeka: KAZI HAIRUDI SANA.

"Nitaifuta jioni," asema Odero. Hajasogea.

Simu yake inalia. Ni Milcah. Odero anajikohoza, anaegemea ukuta wa mabati unaotenganisha kibanda na kinyozi, na sauti yake inanyooka.

"Mama Joyline! Tumepata. Sita kwanza, zingine mwezi ujao... Eeh, ile kamba ya kupima iweke tu mbali kwanza... Hapana, hakukuwa na shida yoyote. Mtu amekuja, ameona kazi, ameridhika. Yaani asubuhi yote imeenda sawa."

Upande wa pili wa mabati, mashine ya Levis inanyamaza ghafla. Safari hii si stima.

"Mama Joyline!" sauti ya Naftaly inapenya mabati kama msumari. "Muulize kichwa changu!"

Odero anafunika simu kwa kiganja, lakini amechelewa. Sauti ya Milcah inasikika ikitoka katikati ya vidole vyake, tulivu, ya mtu aliyekaa na fundi huyu zaidi ya miaka ishirini.

"Baba Joyline. Kichwa cha Naftaly umekifanya nini?"